Duara Halichimbwi na Mtu Mmoja: Historia Fupi ya Kuandika Programu kwa Pamoja

Andika neno Nyarugusu kwenye simu yako, utafute. Majibu mengi yatakupeleka Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokuwa wakikimbia vita. Ili uifikie Nyarugusu nyingine inabidi uongeze neno "Geita" au neno "dhahabu". Hiyo ndiyo Nyarugusu ninayoizungumzia hapa: kata ya Wilaya ya Geita, nchi ya maduara na karasha, ya mialo na marudio, katika ukanda ambao dhahabu yake imechimbwa tangu enzi za ukoloni.

Hakuna aliyekaa kikao akaamua kuificha Nyarugusu ya Geita. Kilichotokea ni kwamba ile ya Kigoma imeandikwa na watu wengi: mashirika, waandishi wa habari, watafiti, wachora ramani. Ya Geita imeandikwa na wachache. Mtandao ni maandishi, na maandishi yana waandishi. Penye waandishi wengi ndipo panapoonekana.

Nimeanza na hilo kwa sababu ya swali ambalo vijana wa ukanda ule, kama vijana wa kila mahali, huuliza wanapotaka kujifunza kodingi: nianze na lugha gani? Mmoja atamwambia Python, mwingine JavaScript, na hapo ubishi unaanza kama wa Simba na Yanga. Swali si baya. Lakini ukisoma historia ya programu, hasa historia yake huku kwetu Afrika Mashariki, utaona kwamba kazi ngumu kuliko kuchagua lugha ilikuwa hii: watu wengi wataandikaje kitu kimoja bila kufutiana kazi, na bila jina la mtu kupotea? Somo hilo mwanafunzi mpya hufundishwa mwisho, au hafundishwi kabisa. Mimi naona lingekuwa la kwanza.

Mashine nyuma ya mlango

Kompyuta ya kwanza Tanzania iliingia mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, ikawekwa Wizara ya Fedha. Baadaye zikafuata nyingine chache, na hesabu za serikali zikaanza kuhamishiwa humo. Wataalamu walioziendesha walikuwa wachache na wengi wao wageni. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 mfumo wa hesabu ulikuwa umevurugika, na fedha nyingi zilikuwa zimeteketea. Mwaka 1974 serikali ikachukua hatua ambayo vijana wa leo wakisimuliwa hudhani ni utani: ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini, pamoja na televisheni.

Ni rahisi kuicheka amri ile. Mimi siicheki sana. Iliyokuwa imeletwa Wizara ya Fedha ni mashine na programu zake, vyote vikiwa vimefungwa kama zawadi, na mlango wake ukiwa na funguo mkononi mwa watu wachache. Karani aliyejua hesabu za wizara hakuweza kufungua programu akaonyesha mstari wenye kosa. Aliyeweza kuusoma mstari huo hakuzijua hesabu za wizara. Kati yao hapakuwa na daftari la pamoja ambalo wote wangeandika. Mambo yalipoharibika, kilichobaki ni kulaumu mashine na kuifungia nje.

Sasa tazama jambo la ajabu. Mwaka uleule wa 1974, huko Marekani, katika maabara za Bell, toleo la tano la mfumo wa Unix lilitoka likiwa na programu ndogo iliyoitwa diff, kazi ya Douglas McIlroy. Kazi yake ni nyepesi kuielezea. Unaipa mafaili mawili, la jana na la leo, nayo inakuonyesha mistari iliyobadilika: huu umeondolewa, huu umeongezwa. Basi. Haikuongelewa magazetini. Lakini kwa mara ya kwanza watu wawili walioandika maandishi yaleyale waliweza kuacha kubishana juu ya nani kaharibu nini. Wangetazama tofauti, wakaanza mazungumzo kutoka hapo.

Kwa hiyo mwaka ambao sisi tulifunga mlango ndio mwaka ambao wenzetu walipata mojawapo ya zana za kuandika pamoja. Kufungwa kule kuliendelea hadi miaka ya 1980 ndipo kulegea. Runinga Bara iliisubiri hadi miaka ya 1990.

Kiraka

Mwaka 1985 Larry Wall aliandika programu inayokamilisha ile ya McIlroy. Kwa Kiingereza jina lake ni patch, na Kiswahili kina neno lake tayari, tena la nyumbani: kiraka. Kama diff inaonyesha tofauti kati ya shati la jana na la leo, programu hii huichukua tofauti hiyo peke yake na kuishona kwenye shati la mtu mwingine aliye mbali. Huna haja ya kumtumia shati zima. Unamtumia kiraka, pamoja na maelezo ya mahali pa kukishona.

Hapo ndipo watu wasiofahamiana walipoanza kufanya kazi pamoja. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliwatangazia watu kwamba anaandika mfumo wa kuendesha kompyuta, kama jambo la kujifurahisha tu. Mfumo huo ndio Linux, na kiini chake ndicho kinachoendesha simu za Android zilizojaa mifukoni mwa watu kuanzia Kariakoo hadi Katoro. Kilichoukuza ni viraka. Watu waliviandika usiku, wakavituma kwa barua pepe, na Torvalds na wasaidizi wake wakavisoma, wakavikubali, wakavikataa, wakavirudisha kwa marekebisho.

Viraka vilipokuwa maelfu, barua pepe peke yake ikazidiwa. Kuanzia 2002 kundi lile lilitumia zana ya kampuni moja iliyowaruhusu kuitumia bure. Mwaka 2005 ruhusa ile ikaondolewa. Aprili mwaka huohuo Torvalds akaandika zana yake mwenyewe ndani ya siku chache, akaiita Git. Leo ukijifunza kodingi popote duniani, utakutana nayo.

Kwa anayeanza, Git huonekana kama mzigo wa amri za ajabu. Ukiitazama kama msomaji wa vitabu inaeleweka haraka. Ni daftari la mabadiliko. Kazi yako yote inakaa kwenye ghala moja. Kila unapofikia mahali pa kupumzika unaweka alama, ambayo wenyewe huiita komiti (usiichanganye na kamati). Ndani ya komiti mna mambo manne: nini kimebadilika, nani amebadilisha, lini, na sentensi moja au mbili za kueleza kwa nini. Kila komiti hupewa namba ndefu ya herufi na tarakimu 40, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo na komiti iliyotangulia. Ukienda kinyemela kubadilisha ya zamani, namba za zote zilizofuata zinabadilika, na wenzako wanaona. Ukitaka kujaribu jambo usilo na uhakika nalo, unafungua tawi, unafanyia huko fujo zako, na shina linabaki salama. Ukiridhika, unapeleka ombi la kuunganisha. Mwingine anasoma, anauliza, anasahihisha. Mkikubaliana, tawi linaungana na shina.

Sehemu ngumu kwa mtu mpya ni ile ya kusomwa. Wengi wetu tumelelewa na shule ambayo kuonyesha kazi isiyokamilika ni aibu, na kusahihishwa mbele ya wenzako ni fedheha. Katika kazi hii kusahihishwa ndiyo namna ya kukaribishwa. Kiraka kinachorudishwa na maswali kumi ni kiraka kilichosomwa.

Wanakili na wakusanya maneno

Wapenzi wa fasihi ya Kiswahili hawana sababu ya kuliona jambo hili geni. Tenzi zetu za zamani zilitufikia kwa mikono ya wanakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, alikuwa mshairi na mchonga nakshi, lakini pia alinakili miswada mingi ya mashairi kwa hati ya Kiarabu, na sehemu kubwa ya tunachokijua leo kimepita kwenye kalamu yake. Nakala za Al-Inkishafi zilizobaki hazilingani kila mahali. Huyu kapanga beti hivi, yule vile. Huyu kaandika neno hili, mwingine lile. Wahariri waliokuja baadaye walikesha wakilinganisha mstari kwa mstari. Walikuwa wakifanya kazi ya diff kwa macho, na mara nyingi hawakuweza kujua badiliko fulani liliingizwa na nani, wala kwa nini.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na kompyuta. Mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Yale, ulianza mradi wa kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni ambayo watu wa kujitolea waliweza kuchangia maneno na maana zake. Wikipedia ya Kiswahili ikaanza 2003, na kila ukurasa wake una sehemu ya historia: bonyeza uone nani aliandika nini, saa ngapi. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo, kijana aliyesahihisha ukurasa wa kata yake pale ameshafanya komiti. Hajui tu kwamba inaitwa hivyo.

Halafu ukaja mwaka 2004, ambao kwangu ni mwaka mkubwa katika habari hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Mradi wenyewe uliitwa Kilinux. Uliwezekana kwa sababu OpenOffice ilikuwa programu huria, yaani msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote kuufungua na kuubadilisha. Hawakuhitaji kuomba ruhusa ili waweke neno "Hariri" mahali pa neno la Kiingereza.

Lakini maneno yanatoka wapi? Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mashine ile tuiite ngamizi, tarakilishi au kompyuta? Kenya tarakilishi ilishika shuleni, Tanzania mtaa ukaamua kompyuta, na ngamizi ikabaki kwenye orodha za wataalamu. Ubishi wa aina hiyo unahitaji wanaisimu, wanafunzi, watumiaji, na mtu wa kuandika uamuzi ili kesho usianze upya. Mtu anayetafsiri menyu za programu hutazama kila sehemu yake, anaelewa inafanya nini, na anakutana na wenzake wa lugha nyingine wanaofanya hivyohivyo. Ni mlango mzuri wa kuingilia kwa asiyejua bado kuandika msimbo. Ulikuwapo miaka ile, na upo hadi leo.

Januari 2008, na Eldoret kabla yake

Desemba 2007 Kenya ilifanya uchaguzi, na matokeo yake yakafuatwa na vurugu na mauaji. Tarehe 3 Januari 2008 Ory Okolloh, mwanasheria na mwandishi wa blogu, aliandika kuomba wanaojua teknolojia wasaidie kutengeneza ramani ya matukio, ili yaliyotokea yasifichwe. Walioitika ni pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Kobia alikuwa Marekani wakati huo. Ndani ya siku chache tovuti ilikuwa hewani, na jina lake lilikuwa neno letu: Ushahidi. Mwananchi alituma taarifa kwa mtandao au kwa ujumbe wa simu, ikakaguliwa, ikawekwa mahali pake kwenye ramani.

Watu husimulia kisa hiki kama cha wajuzi wanne waliofanya muujiza. Muujiza uko kwingine. Walikuwa nchi tofauti, walitumia programu ambazo wengine walishaziandika na kuziacha wazi, kisha nao wakaacha ya kwao wazi. Kwa sababu hiyo tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, watu ambao hawajawahi kufika Nairobi waliichukua Ushahidi wakaitumia kule, na Wahaiti walio ughaibuni wakatafsiri ujumbe uliokuwa ukiingia kwa Kikrioli. Kitu kilichoandikwa kwa haraka kwa ajili ya Kenya kikawa na wenyewe wengi.

Miaka minne kabla ya hapo, Eldoret palikuwa na kisa kingine, chenye kelele kidogo zaidi. Kituo cha afya cha Mosoriot kilikuwa na mfumo mdogo wa kumbukumbu za wagonjwa tangu 2001. Mpango wa AMPATH, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ulipoanza kuhudumia wagonjwa wengi wa Ukimwi, mfumo ule ukaelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari kutoka Indiana, walifika Eldoret, wakaanza kubuni mfumo mpya, OpenMRS. Februari 2006 ukaanza kutumika Eldoret. Rwanda na Afrika Kusini wakajiunga mapema, kila mmoja akileta mahitaji yake na mikono yake.

Linganisha na Wizara ya Fedha ya 1974. Hapa pia wageni walihusika, na fedha za nje pia. Tofauti ni kwamba msimbo ulikuwa mezani. Mkenya aliyekerwa na fomu isiyofaa angeweza kufungua, kusoma na kurekebisha, na rekebisho lake likaenda hadi Kigali. Tena jamii ya OpenMRS ilijifunza jambo ambalo miradi mingi hulisahau: hutenga kazi ndogondogo kwa ajili ya watu wapya, na kuziwekea alama kabisa kwamba hizi ni za anayeanza. Mgeni haachwi mlangoni akishangaa. Anapewa kijembe kidogo na kipande cha shamba.

Ramani

Dar es Salaam nayo ina sura yake. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale walizunguka mtaa na vifaa vya GPS, wakauweka mtaa wao kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, iliyoanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004. Desemba ya 2011 mafuriko makubwa yakaipiga Dar, na watu wakapoteza maisha. Mwaka 2015 ukaanza mradi mkubwa zaidi, Ramani Huria: wanafunzi wa vyuo na wananchi wa mitaa wakachora mitaro, njia, nyumba na mipaka ya mitaa inayofurika.

Mradi huo unatufaa katika mjadala wetu kwa sababu mwenye ujuzi mkubwa kuliko wote mara nyingi hakuwa mwanafunzi mwenye kompyuta. Alikuwa mama anayejua maji ya mvua ya masika yanapita uchochoro gani, au mjumbe anayejua mtaa unaishia wapi. Programu ilihitaji wote wawili. Na kila nyumba iliyochorwa iliingia kwenye rekodi ikiwa na jina la mchoraji na tarehe, kama komiti.

Sasa rudi Nyarugusu. Zahanati iko wapi? Njia ipi hupitika masika? Duara gani limeachwa wazi, ambalo mtoto anaweza kutumbukia? Anayejua haya yuko palepale. Simu aliyonayo inatosha kuanza kuyaandika.

Leseni na mgawo

Ukanda wa Geita hauhitaji kufundishwa ushirikiano kama kitu kipya. Duara halichimbwi na mtu mmoja. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara anayegharamia chakula, matimba na kamba, kuna wachimbaji wanaoshuka, kuna wa winchi, kuna wa karasha na wa mwalo. Mara nyingine kuna na mwenye shamba. Mawe yakitoka, mifuko inagawanywa kulingana na mapatano, na mapatano hayafanani kila mahali. Rashi inapotokea watu hukusanyika kutoka mikoa mbalimbali, wasiojuana, na ndani ya siku chache wana utaratibu.

Udhaifu wa utaratibu huo kila mchimbaji anaujua: mengi hukaa mdomoni. Nani alifanya kazi siku ngapi? Mifuko ilikuwa mingapi? Bei ilikuwa ipi? Asiye na maandishi huambulia maneno. Soko la madini lilipozinduliwa Geita Machi 2019, sehemu ya maana yake ilikuwa hiyo, kwamba dhahabu ipimwe na kuandikwa mbele ya watu. Na si fedha tu. Januari 2017 watu 15 walifukiwa chini katika mgodi mmoja wa Nyarugusu, na baada ya siku kadhaa wakaokolewa wote wakiwa hai. Msiba wa namna hiyo ukitokea popote, swali la kwanza la walio juu ni nani yuko chini, na wangapi. Siku hiyo daftari la walioshuka lina uzito wa uhai. Kosa la programu mara nyingi haliui mtu, kwa hiyo sitaki kulinganisha kwa mkato. Nasema tu kwamba mtu wa Nyarugusu ana sababu za kuelewa thamani ya rekodi kuliko mwanafunzi wa mjini anayeambiwa "andika komiti zako vizuri" bila kuelezwa kwa nini.

Neno leseni lenyewe limekaa pande zote mbili. Kwenye uchimbaji, leseni inasema eneo hili ni la nani. Kwenye programu, ghala la msimbo mara nyingi huwa na faili la leseni, na katika programu huria linasema nani anaruhusiwa kutumia, kubadilisha na kugawa. Mwaka 1989 Richard Stallman alitoa leseni ya GPL, yenye sharti kwamba ukiibadilisha programu na kuisambaza, uwape wengine uhuru uleule uliopewa wewe. Nyingine hazina sharti hilo: kampuni inaweza kuchukua kazi yako, ikaifungia ndani na kuiuza. Kijana anayeanza aisome leseni kabla hajamwaga jasho, kama ambavyo asingeshuka duarani bila kujua mgawo.

Maana mgawo wa huku nao una maswali yake. GitHub, tovuti iliyoanza 2008 na ambako mamilioni ya watu huhifadhi maghala yao ya Git, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Waliotoa kazi zao bure na kuifanya tovuti ile iwe na maana hawakuwa kwenye orodha ya malipo. Mchimbaji angalau hupata mfuko wake wa mawe. Mjadala katika miradi mingi huendeshwa kwa Kiingereza, na anayefikiri kwa Kiswahili au Kisukuma hulazimika kuuliza kwa lugha ambayo humfanya aonekane mdogo kuliko alivyo. Bando nalo linalipiwa. Anayewaambia vijana kwamba kodingi ni mlango ulio wazi kwa wote, na hayasemi haya, hawatendei haki.

Pamoja na hayo, naona mizani inaelemea upande wa kuingia. Kinachopatikana hapa kuliko shuleni au kazini ni jina lako kubaki kwenye kazi yako. Cheti kinasema ulikaa darasani. Historia ya ghala inasema tarehe fulani uliona kosa fulani, ukalirekebisha hivi, fulani akalikagua, likakubaliwa. Mwajiri wa Mwanza au wa Nairobi anaweza kuifungua na kuisoma bila kukupigia simu.

Kwa anayeanza

Basi ndugu yangu uliye Nyarugusu, Katoro au Rwamgasa, jifunze lugha yoyote kati ya zile wanazobishania. Python inatosha kabisa. Lakini wiki ileile ya kwanza, kabla hujamaliza somo la pili, fungua ghala lako la Git na uweke humo hata programu ya mistari mitano inayojumlisha mifuko ya mawe na kupiga mgawo. Zipo programu za simu za Android zinazokuwezesha kuandika Python na kutumia Git bila kompyuta. Kioo ni kidogo na vidole vitachoka, ila inawezekana.

Maelezo ya komiti yaandike kama unamwandikia mtu atakayerithi kazi yako. "Nimerekebisha" halimwambii kitu. "Mgawo ulikuwa unamsahau mwenye shamba, sasa amehesabiwa" linamwambia kila kitu. Andika kwa Kiswahili kama ghala ni lako na wenzako ni Waswahili. Tafuta mwenzako mmoja, mbadilishane ghala, kila mmoja akague kazi ya mwenzake bila huruma na bila dharau. Huyo mmoja anatosha kukufundisha nusu ya ufundi huu.

Kisha toka nje ya ghala lako. Tafuta mradi mkubwa wenye kazi zilizowekewa alama ya watu wapya. Tafsiri menyu. Ripoti kosa kwa ukamilifu: ulifanya nini, ulitegemea nini, ukaona nini badala yake. Ripoti nzuri ya kosa ni mchango kamili, hata kama hukuandika mstari wa msimbo. Iweke zahanati ya kata yako kwenye ramani. Ongeza aya mbili kuhusu Nyarugusu ya Geita kwenye Wikipedia ya Kiswahili, zenye ukweli unaoweza kuthibitishwa, na usikasirike mtu wa Mombasa akija kurekebisha sarufi yako.

Mwaka 1974 nchi hii ilifunga mlango kwa sababu waliokuwa wakiijua mashine walikuwa wachache, na walioijua kazi hawakuwa na mahali pa kuandika walichokijua. Mahali hapo sasa papo.